Maji kwenye tanki, barafu kwenye kabureta: jibu kwa rubani wa Tabora anayekwenda Kigoma msimu wa mvua

“Shikamoo mwalimu. Nina leseni ya rubani binafsi, huu ni mwaka wa pili, na mimi na wenzangu wawili tunamiliki Cessna 172 ya zamani yenye kabureta. Tunaiegesha nje, hapa Tabora. Katikati ya Januari natakiwa Kigoma, kuna shughuli ya kifamilia Ujiji. Ndege imekaa siku tisa bila kuruka na mvua imenyesha karibu kila siku. Jana nilipopima mafuta, tanki la kulia lilitoa maji nusu kikombe. Nikamwaga, nikarudia, mara ya nne yakaja safi. Mwenzangu anasema hilo ni jasho la tanki tu kwa sababu tuliacha mafuta nusu. Jambo la pili: safari iliyopita, nikiwa nashuka karibu na Uvinza, injini ilianza kutetemeka na mizunguko ikapungua. Nilivuta hewa moto ya kabureta, ikazidi kutetemeka, nikairudisha haraka. Nilipoongeza nguvu ikatulia. Mwongozo wangu una sura nzima ya ukaguzi wa majira ya baridi, lakini aliyenifundisha alisema hiyo ni ya Ulaya, tuiruke. La tatu: mwezi uliopita nilikwenda kiwanja kimoja cha udongo nikakuta kimefungwa, alama za msalaba katikati ya njia, nikarudi na mafuta yaliyobaki kidogo mno. Nitajuaje kabla sijaondoka? Na msimu huu nikague nini zaidi?”

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu, na yote matatu yanahusu maji: maji yaliyoingia kwenye tanki, maji yaliyoganda ndani ya injini, na maji yaliyolainisha ardhi uliyotaka kutua. Nianze na tanki la kulia, kwa sababu hilo ndilo lipo uwanjani hivi sasa likikusubiri.

Mwenzako hajasema uongo. Jasho la tanki lipo kweli. Hewa iliyo juu ya mafuta ina mvuke, usiku ikipoa mvuke hugeuka matone kwenye kuta za tanki, matone huteremka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, huishia chini kabisa. Ndiyo maana tunashauri kujaza tanki kabla ya kuiacha ndege ilale. Ila tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba mvuke ina takribani gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 inabaki na gramu 17. Tanki moja la 172 ya zamani ni lita 80 hivi, kwa hiyo likiwa nusu lina lita 40 za hewa. Usiku mmoja wa kupoa namna hiyo unakupa nusu gramu ya maji. Zidisha kwa siku tisa, tena tuchukulie kila siku hewa mpya yenye unyevu iliingia: hata kijiko kimoja cha chai hakijai. Wewe umetoa nusu kikombe, na bado ukarudia. Hayo si jasho.

Hayo ni maji ya mvua, na njia yake karibu kila mara ni kifuniko cha kujazia mafuta, juu ya bawa. Kifuniko kimekaa kwenye kishimo. Kishimo chenye upana wa sentimita 10, kikinyeshewa mvua ya milimita 50, kinapokea karibu mililita 390, bila kuhesabu yanayotiririka kutoka sehemu nyingine za bawa. Kinachozuia maji hayo yasiingie ni pete nyembamba ya mpira. Mpira huo umekaa juani miaka yote, umekauka, umepata nyufa ambazo ukisimama chini huzioni. Panda ngazi, fungua kifuniko, upitishe ukucha kwenye pete yenyewe. Ukihisi imekuwa ngumu kama ganda, au imebonyea na hairudi, umempata mwizi wako. Tazama pia kama vifuniko viwili vinafanana. Nimewahi kuona bawa moja lina kifuniko kipya na lingine lina cha zamani ambacho kilikuwa kinazunguka bila kukaza.

Lakini kugundua maji yameingiaje ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuyatoa yote, na hapa ndipo ile mara ya nne “yakaja safi” inaponitia wasiwasi. Koki ya chini ya tanki hutoa kilicho mahali pale tu. Ndege ikiwa imeegeshwa kwenye mteremko kidogo, au tairi moja lina upepo pungufu, sehemu ya chini kabisa ya tanki si pale ilipo koki, na maji yanajikusanya pembeni. Utapima, utaona safi, utaruka, na ukiinua pua yatahamia kwenye mdomo wa bomba. Wakati huo upo futi mia mbili juu ya miembe. Kwa hiyo: egesha sehemu tambarare, shika ncha ya bawa uitikise taratibu, bonyeza mkia ushuke kisha uuachie, subiri angalau nusu saa maji yatulie chini, ndipo upime tena tanki zote mbili pamoja na chujio la mbele karibu na injini. Likitoka tone, anza upya. Yakiendelea kutoka baada ya raundi ya pili au ya tatu ya namna hiyo, ndege hiyo hairuki siku hiyo. Mwite fundi mwenye leseni aondoe mafuta yote akague tanki na mabomba.

Na kuna mtego ambao ulinipata nikiwa kijana, bado fundi mwanafunzi. Asubuhi moja nilijaza kikombe, nikakiinua kuelekea angani, nikaona kimetakata kabisa, hakuna tone chini, hakuna mstari. Nikasema safi. Fundi mzee aliyekuwa pembeni akakichukua, akanusa, kisha bila kusema neno akamwaga kidogo kwenye sakafu ya saruji. Tukasimama tunatazama. Petroli ya ndege hukauka mbele ya macho yako. Lile doa lilibaki limelowa vilevile. Kikombe kizima kilikuwa maji. Sikuona mstari kati ya mafuta na maji kwa sababu mafuta hayakuwamo kabisa. Petroli ya 100LL tunayotumia kwenye ndege kama yako imetiwa rangi ya bluu kwa makusudi, na bluu hiyo ni hafifu. Weka kikombe mbele ya kitu cheupe, si mbele ya mawingu. Kisha nusa.

Kama huko mbele utajaza mafuta kutoka kwenye pipa, ogopa pipa lililosimama wima nje. Mvua hutuama juu yake, usiku pipa likipoa hewa ya ndani hujikunja na kuyafyonza maji kupitia kizibo. Ni kisa kilekile cha kifuniko chako. Mapipa hulazwa, au huinamishwa ili vizibo visikae ndani ya maji, na mafuta hupitishwa kwenye faneli yenye chujio la kuzuia maji.

Sasa ile sura ya majira ya baridi. Aliyekufundisha sitaki kumsema vibaya, kwa sababu ni kweli hutakwangua theluji kwenye bawa pale Tabora. Ila sura ile usiiruke. Isome ukijiuliza kila sharti limewekwa kwa sababu gani, utakuta sababu nyingi tunazo hapahapa. Wenzetu wa nchi za baridi wanakatazwa kuruka na utando wa barafu juu ya bawa kwa sababu ukwaru wa kiasi cha msasa tu unaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Sisi hatuna utando huo, lakini tuna tope linalorushwa na tairi chini ya bawa na kwenye mkia, na mabaki ya wadudu kwenye ukingo wa mbele. Bawa lioshwe. Wao wanaambiwa wavue makava ya tairi kwa sababu theluji iliyoyeyuka huganda ndani na kuzuia gurudumu. Sisi tope la mbuga likikauka ndani ya kava huwa kama tofali. Makava hayo vua msimu mzima wa mvua, utapoteza noti mbili tatu za mwendo (noti moja ni maili moja ya anga kwa saa), basi.

Na barafu yenyewe tunayo. Tukio lako la Uvinza, kwa jinsi ulivyolieleza, linafanana sana na barafu ya kabureta.

Najua inashangaza, nje nyuzi 24, umevaa shati la mikono mifupi, halafu mtu anakwambia injini yako imeganda. Fikiria kinachotokea pale kooni mwa kabureta, kile chombo kinachochanganya hewa na mafuta kabla hayajaingia kwenye injini. Hewa inapita mahali pembamba kwa kasi, inapanuka na kupoa. Hapohapo mafuta yananyunyiziwa na kugeuka mvuke, na kitu kinachogeuka mvuke hunyang'anya joto. Umeshapakwa spiriti kabla ya sindano, unajua ule ubaridi. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanaweza kushusha joto kwa nyuzi 30 na zaidi. Nyuzi 24 zinakuwa chini ya sifuri. Kama hewa ina unyevu, na hewa ya Januari kati ya Malagarasi na ziwa ina unyevu tele, maji huganda kwenye kile kibati kinachofunguka na kufunga njia ya hewa. Hatari hii ni kubwa zaidi nje kukiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Kwa hiyo majira yetu ya barafu ya kabureta ni masika na asubuhi zenye umande.

Ilikupata ukiwa unashuka, na hilo si bahati mbaya. Ukipunguza nguvu, kibati kinakuwa kimekaribia kufunga, tundu lililobaki ni dogo, barafu kidogo inatosha kuliziba. Tena injini iliyopunguzwa inapoa, kwa hiyo hata ile hewa moto ya kuokolea, inayopashwa na injini yenyewe na kuingizwa kwenye kabureta kwa wenzo, inakuwa na joto pungufu. Ndiyo maana tunavuta hewa moto kabla ya kupunguza nguvu kwa ajili ya kushuka, wala hatungoji dalili.

Kosa lako ni kuirudisha. Sikulaumu, marubani wengi wamefanya hivyo, kwa kuwa mwili wenyewe unakwambia umeharibu. Ulipovuta, barafu ilianza kuyeyuka, ikawa maji, na maji hayo yalipitia ndani ya injini. Papo hapo hewa moto ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko ulizidi mafuta. Lazima itetemeke, lazima mizunguko ishuke zaidi kwa sekunde kadhaa. Ule mtetemo ndio dawa inavyofanya kazi. Vuta wenzo wote, usiuache katikati, uache ulivyo mpaka injini itulie na mizunguko ipande. Ukiurudisha mapema umebakiza barafu nusu na injini iliyopoa. Wewe ulinusurika kwa sababu uliongeza nguvu, kibati kikafunguka, hewa ikapata njia.

Lakini nisikudanganye kwamba nina uhakika. Dalili zako zinaweza pia kuwa za maji kwenye mafuta, na sasa tunajua tanki lako la kulia linaingiza maji. Zinaweza kuwa za sumaku ya kuwashia au nyaya za plagi zilizolowa. Barafu mara nyingi huja taratibu, mizunguko inapungua kidogo kidogo, na hewa moto huiondoa. Maji kwenye mafuta hukata ghafla na hewa moto haibadilishi kitu. Nyaya mbovu huonekana chini, kwenye jaribio la sumaku moja moja kabla ya kuruka. Fanya jaribio hilo kwa makini, na siku hiyohiyo jaribu hewa moto: mizunguko ikishuka kisha ikapanda yenyewe juu ya pale iliposhukia huku wenzo ukiwa bado umevutwa, barafu ilikuwepo tayari, na hujatoka hata ardhini.

Kuhusu siku tisa za kukaa nje, kuna jambo moja nataka ulichukulie kwa uzito kuliko mengine: matundu. Nyigu wa udongo hupenda tundu kavu wakati wa mvua, na ndege yako ina matundu mazuri. Mrija wa kupima mwendo chini ya bawa la kushoto, kitundu kidogo ubavuni kushoto kinachopeleka mgandamizo wa hewa kwenye vipimo, na bomba la kupumulia tanki nyuma ya mhimili wa bawa. Mwezi Februari 1996 ndege kubwa aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, watu 189 wakafa. Ndege hiyo ilikuwa imekaa siku nyingi bila kuruka, na wachunguzi waliona mrija mmoja wa kupima mwendo ulikuwa umeziba, wadudu wakishukiwa zaidi. Ubaya wa mrija ulioziba kabisa ni kwamba haukai sifuri ukakushtua. Hewa iliyofungiwa ndani inabaki vilevile huku ya nje ikipungua unapopanda, kwa hiyo kipimo kinaonyesha mwendo unaongezeka, wewe unainua pua kuupunguza, kumbe unaelekea kupoteza mnyanyuo. Weka kava la mrija lenye kitambaa chekundu kinachoning'inia, na ukiona udongo ndani usipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, utaharibu vipimo. Hiyo ni kazi ya fundi. Bomba la tanki likiziba, tanki hushindwa kupumua na mafuta hukoma kuteremka hata kama yamejaa.

Kwa haraka tu mengine: vitundu vya kutolea maji chini ya kiwiliwili na kwenye usukani wa mkia visiwe na tope. Diski za breki zitakuwa na kutu, zisugue kwa kwenda polepole kabla ya kuzitegemea. Kiota ndani ya kava la injini, tazama kwa tochi. Na kama unafunga ndege kwa kamba ya katani, kumbuka katani ikilowa hujikaza. Acha ulegevu kidogo, la sivyo itakuwa inalivuta bawa usiku kucha.

Sasa viwanja kufungwa. Neno “umefungwa” linabeba mambo tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowaponza watu.

Kuna kufungwa kwa tangazo. Hiyo ni notamu, inayotolewa na kitengo cha taarifa za anga cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Tabora na Kigoma vyote vimekuwa kwenye miradi ya kukarabatiwa na kupanuliwa, kwa hiyo usishangae tangazo la kazi zinazoendelea au sehemu ya njia kutotumika kwa saa fulani. Isome asubuhi ileile ya safari, siyo ya jana. Na hapa kuna mtego wetu wenyewe, sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Notamu huandikwa kwa saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Tuseme imeandikwa 2601140400 hadi 2601141500: mwaka 26, mwezi 01, tarehe 14, saa 04:00 hadi 15:00. Nimemsikia mtu akisema “kumbe wanafunga kuanzia saa nne, tuna muda.” Hapana. Saa 04:00 ya dunia ni 07:00 ya hapa, yaani saa moja asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka Kigoma. Wanafungua saa 12 jioni. Andika kwenye karatasi saa zote kwa Kiswahili chetu kabla ya kupanga chochote.

Kuna kufungwa na hali ya hewa, ambako kwa kweli hakuna aliyefunga. Uwanja upo wazi kwa ndege za abiria zenye vyombo na marubani wa kuruka kwa vyombo, ila kwako wewe unayeruka kwa macho haupo. Kwenye eneo linaloongozwa na mnara, kiwango cha kawaida ni kuona kilomita 5 na mawingu yasiwe chini ya futi 1,500. Mwongoza ndege akikupa hali halisi, uamuzi ni wako na siyo wake. Zungumza pia na watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kuhusu utabiri wa siku nzima. Kigoma ina tabia za ziwa: usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani na kuinua mawingu juu ya maji, mchana joto la nchi kavu huinua ya kwake juu ya vilima. Ukiiona mvua imesimama juu ya ziwa upande wa Kongo, usihesabu kwamba itakaa hukohuko.

Na kuna kufungwa kwa ardhi yenyewe, ambako ndiko kulikokukuta. Viwanja vingi vidogo vya udongo, vya migodi, vya misheni, vya hifadhi, mara nyingi havimtumii mtu tangazo. Mvua inanyesha usiku, mlinzi anaweka msalaba asubuhi, habari imeisha. Hapo hakuna mbadala wa simu, na swali muhimu si “kiwanja kipo wazi?” kwa sababu mtu atakujibu “kipo, karibu sana.” Muulize: mvua ya mwisho ilinyesha lini? Gari lililopita leo limeacha alama kiasi gani? Mwombe atembee urefu wote akipiga kisigino. Kikizama, safari hakuna. Udongo wa moramu hukauka haraka. Ule mweusi wa mbuga unaweza kuonekana umekauka juu huku chini ni uji.

Hesabu nayo isikimbiwe. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo waongeze asilimia 30 kwenye umbali wa kuruka kwa nyasi zilizolowa, asilimia 25 au zaidi kwa ardhi laini, kisha juu yake theluthi moja ya usalama, na vyote huzidishwa, havijumlishwi. Kitabu chako kikisema mita 700 kwenye lami kavu hadi kuvuka kizuizi cha futi 50, basi nyasi mbichi juu ya ardhi laini zinakupeleka kwenye mita 1,500 na ushee. Na Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa yake ni nyembamba kama ya futi 6,600. Ondoka asubuhi.

Lami nayo ina yake. Maji yakituama, tairi linaweza kuelea juu yake bila kugusa chini, na mwendo linapoanzia kuelea hukadiriwa hivi: kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi (kipimo cha mgandamizo), mara tisa. Tairi kubwa za 172 za zamani hujazwa psi 29, jibu ni noti 48, karibu kabisa na mwendo wako wa kugusa chini. Hapo breki hazina kazi. Tangu Novemba 2021 viwanja duniani hutumia namba za aina moja kueleza hali ya njia: 6 ni kavu, 5 ni maji yasiyozidi milimita 3, na maji yaliyotuama zaidi ya hapo ni 2. Ukisikia 2, zunguka au rudi. Tena mvua ikishakatika, kumbikumbi hutoka ardhini na ndege wa kila aina hushuka kwenye njia kuwala. Uliza mnara kuhusu ndege hao kabla hujaingia mkondo wa mwisho.

Ukishafika juu ukakuta msalaba mweupe kwenye njia, au mnara ukakumulikia taa nyekundu ya kumetameta, usitue. Uamuzi huo unakuwa mwepesi kama mafuta yapo, na ndilo lililokutesa mara ile. Tabora hadi Kigoma ni kilomita 350, maili za anga kama 190. Kwa noti 105 ni saa moja na dakika 50. Uwanja wa kukimbilia wenye lami, ukiwa umeshafika Kigoma, ni Mpanda, maili 120 nyingine, saa moja na dakika 10. Ongeza dakika 45 za akiba. Jumla saa tatu na dakika 45, na kwa lita 32 kwa saa ni lita 120. Tanki zikijaa una lita kama 150 zinazotumika, angalia kitabu cha ndege yako. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa tanki zilizojaa tu, na uzito wa abiria na mizigo upimwe kwa mizani. Zile nusu tanki mlizozoea kuacha hazifiki. Na kama ukiwa Uvinza, vilima vya mbele vimeingia mawinguni, geuka hapohapo, maana reli inakurudisha Kaliua na Urambo hadi nyumbani ukiiona chini yako njia nzima.

Uniruhusu niseme na hili la Ujiji. Shughuli ya kifamilia ina siku yake, wazee wanakusubiri, na hakuna kitu kinachomsukuma rubani kuingia kwenye wingu kama kusubiriwa. Wapigie leo. Waambie unaweza kufika kwa ndege Jumatano au kwa treni Alhamisi, na kwamba hujui ni ipi. Ukishalisema, mzigo unapungua, na asubuhi ya safari utaitazama anga bila sauti ya mjomba kichwani.

Kwa hali ilivyo, mambo mawili yanahitaji mtu wa kuyaona kwa macho, mimi kwa maandishi siwezi. La kwanza ni mwalimu: ruka naye saa moja, mfanye kushuka kwa hewa moto mara kadhaa na kutua kwenye njia iliyolowa. La pili ni fundi mwenye leseni, kwa ajili ya tanki la kulia, sumaku na nyaya, kabla ya safari yoyote. Simama naye kwenye ngazi akifungua kile kifuniko. Mpira ukibadilishwa, badilisheni na wa kushoto, acheni mvua moja kubwa inyeshe, kisha upime tanki zote mbili mbele ya kitambaa cheupe, na uniandikie ulichokiona kikombeni.